Daktari wa Maji

Daktari Quyen alikataa chai, na hapo ndipo Thoa alipojua kwamba hakuna jema. Alipokuja mwezi uliopita kuchukua damu ya kuku, binti huyo wa maabara ya mkoa alikunywa chai mpaka birika likakauka, na karanga juu yake akaomba. Leo alikaa ukingoni mwa kiti, kofia ya pikipiki mapajani, akimtazama Khoat kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Khoat, mume wa Thoa, hakuona kitu. Uani walikuwa wakitamba majogoo wake wa miguu minene, wale ambao watu wa Hanoi huwagombania kila inapokaribia Tet, sikukuu ya mwaka mpya, ili isimkute mkwe au mkubwa wa kazi bila zawadi, na karibu wote walikuwa wameshaagizwa. Alikuwa akisimulia habari za jogoo mmoja ambaye mguu wake, eti, haukuenea kwenye kiganja cha mwanamume mzima. Khoat akianza kuwasifu kuku wake, hata mgeni mwenye haraka hukaa akasikiliza.

"Mjomba Khoat," daktari akamkatiza, "majibu yametoka. Kuku wenu hawana kinga ya mafua ya ndege."

Khoat akacheka. Akasema kuku wake wamechanjwa mwezi wa kumi, hapo hapo uani, na aliyewachoma ni Luan, mdogo wake wa tumbo moja, bwana mifugo wa kata nzima. Yeye mwenyewe aliwashika mabawa mmoja mmoja. Daktari hakubishana naye. Akatoa simu, akamwonyesha picha ya kibao cheupe chenye vishimo vilivyopangwa safu safu kama vya bao.

"Kila safu ni kuku mmoja," akaeleza. "Tunachukua maji ya damu yake, tunayazimua kishimo kwa kishimo, kisha tunatia kirusi kilichouawa na chembe nyekundu za damu. Kinga ikiwepo, chembe zinatuama chini, unaona kitone. Isipokuwepo zinasambaa kama ukungu. Hawa ni wa Mzee Sac, jirani yako. Vitone karibu mpaka mwisho wa safu. Sasa tazama wako."

Thoa naye aliinama akatazama. Katika safu za kuku wao vitone vilionekana kimoja kimoja mwanzoni, vingine hata havikuonekana, na kilichobaki chote kilikuwa ukungu mwekundu.

"Lakini kwa Mzee Sac alichoma Luan huyo huyo," Khoat akasema polepole. "Wiki ile ile."

Daktari akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Akaongeza kwamba chochote alichochoma bwana mifugo hakikuwa maji matupu, kwa sababu baadhi ya kuku walikuwa na kinga kidogo, hafifu sana. Dawa iliingia, ila dawa yenyewe haikuwa na nguvu. Akauliza chupa zilikaa wapi kabla ya kuchomwa. Khoat akamgeukia mkewe, na Thoa akajibu kwamba zilikaa kwenye friji.

"Friji mpya," Khoat akadakia. "Hata mwaka haijamaliza."

Yaliyobaki daktari aliyasema haraka, kama mtu anayebandua plasta. Mwaka huu, kwa kuwa mabata wamekufa kwa mafua hayo ng'ambo ya mto, hakuna kuku atakayetoka kijijini bila cheti, na hakuna cheti bila kinga. Kuku itabidi wachanjwe upya, na damu yao haitaonyesha kitu mpaka Tet iwe imepita. Pole sana, mjomba. Khoat alikuwa ameshaanza kutazama ukutani, na Thoa, aliyelala naye kitanda kimoja kwa miaka mingi, alijua kwamba mawazo yake hayapo kwenye kuku tena. Yapo kwa Luan.

Thoa alimsindikiza mgeni hadi getini. Daktari alipokuwa akifunga ukanda wa kofia, akasema kwa sauti ya kawaida, huku macho yakiwa kwenye pikipiki yake, "Unajua, shangazi, dawa hii ya mafua si kama ya kideri, ule ugonjwa mwingine wa kuku. Ile ya kideri watu huiweka kwenye barafu na inakaa vizuri. Hii ina mafuta ndani. Ikiganda mara moja tu, imekufa."

Thoa akamfungulia geti.

"Haya, daktari," akasema. "Nenda salama."

*

Siku ile ya kuchanja ilikuwa pia ya kumkumbuka marehemu baba mkwe. Kila mwaka karamu hiyo huandaliwa kwa Khoat, kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa na meza ya mababu iko kwake. Luan alikuwa amepitisha chupa za dawa tangu jioni ya kuamkia siku hiyo ili awachome kuku mapema kabla wageni hawajajaa, na alipoondoka alisema tu, shemeji, ziweke kwenye baridi. Thoa akazitia kwenye friza, juu ya nyama ya nguruwe ya karamu. Ndivyo alivyozoea kuweka dawa ya kideri miaka yote. Akaona akizipa baridi kali zaidi atakuwa amezitunza zaidi. Asubuhi akazikuta zimekuwa mawe. Wifi na shangazi walikuwa wameshaanza kuingia jikoni na visu vyao, Luan alikuwa uani anauliza dawa iko wapi, na Thoa akazitumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto, akazifuta kwa kitambaa, akampelekea. Hakuna aliyemwona. Mwenyewe alijiona mwerevu.

Sasa alisimama getini mpaka mlio wa pikipiki ukapotea. Kurudi ndani kusema lilikuwa jambo la hatua chache, na hakuna aliyemzuia. Lakini Khoat alikuwa ameshashika simu anamwita Luan, kwa sauti ya hasira ambayo Thoa aliijua, naye Thoa akapitia jikoni.

Luan alifika akiwa na sanduku lake la kazini, akidhani kuna kuku mgonjwa. Hakuna aliyemwambia akae. Birika lilikuwa mezani linatoa mvuke, na Khoat akajimiminia kikombe kimoja, akakinywa mbele ya mdogo wake aliyesimama. Bi Nhu, mama yao, alikuwa pembeni na tambuu yake, akatazama kikombe kile, akaacha kutafuna.

Khoat alimwambia yote. Alimwambia kwamba nusu ya dawa ameiuza kwenye mashamba makubwa ya barabarani, na nusu iliyobaki ameijaza maji. Akamwambia kwamba kwa watu baki amefanya kazi ya kweli ili apate sifa, na kwa ndugu yake amefanya wizi kwa kuwa ndugu hakagui. Luan alisikiliza akiwa ameshika mpini wa sanduku kwa mikono miwili. Mara moja tu aliinua macho, akamtazama Thoa mlangoni mwa jiko, kisha akayashusha.

"Nilichoma dawa iliyokuwepo, kaka," akasema. "Sikuuza kitu."

"Basi damu ndiyo mwongo? Kile kibao kimekosea kwangu tu, kwa Sac kikapatia?"

"Sijasema damu mwongo."

"Sema basi."

Luan hakusema. Khoat akangoja, na kwa kila pumzi aliyongoja hasira ilimpanda, kwa sababu alikuwa anataka, Mungu shahidi, mdogo wake aseme chochote ambacho angeweza kukiamini. Mwisho akaweka kikombe chini.

"Tet usije hapa. Udi wa baba nitauchoma mwenyewe."

Bi Nhu akatema tambuu kwenye kopo lake. Akamwambia Khoat kwamba mtoto hazuiwi meza ya baba yake na kaka yake, na kwamba yeye mama bado anapumua. Khoat hakumjibu mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Luan aliinama mbele ya mama, akalichukua sanduku, akatoka. Kesho yake Khoat alikwenda ofisi ya kata kupeleka mashtaka.

*

Kijiji hakikungoja kikao. Watu waliokuwa wakimwita Luan usiku kwa ajili ya nguruwe anayeshindwa kuzaa sasa walimpungia mkono kwa mbali, na mbele ya kinyozi mtu mmoja akamwita daktari wa maji. Jina likanoga, likaenea. Ngan, mkewe, alikuwa anauza tofu, ile jibini ya soya, sokoni, na wateja wakaanza kumuuliza huku wanacheka kama na tofu nayo wanaizimua pale nyumbani kwao. Siku ya kwanza alicheka nao. Baadaye akawa anarudi na beseni limejaa.

Kwa Khoat simu zililia za kuahirisha. Mteja mmoja wa Hanoi, mtu wa heshima aliyekuwa akija kila mwaka na gari lake na kupiga picha na majogoo, alisema kwa upole kwamba safari hii atapeleka samaki. Khoat akamwambia hakuna neno, akamtakia heri, kisha akaenda kukaa bandani na wale kuku wake, akawa anawachambulia mahindi punje kwa punje. Kila aliporudi ndani alikuwa na neno jipya juu ya Luan. Thoa alipika, akafua, akanyamaza. Aliona aibu hata kumtazama mama mkwe akitafuna tambuu.

Mwishowe akaenda. Alimkuta Luan peke yake nyuma ya nyumba, anaosha mabomba ya sindano ambayo hakuna aliyekuwa akiyahitaji. Thoa hakukaa.

"Shemeji, ni mimi," akasema. "Nilizitia kwenye friza. Ziliganda. Nikaziyeyusha kwa maji ya moto nisikucheleweshe."

Luan aliendelea kusuuza. "Najua."

"Unajua?"

"Chupa ilikuwa ya vuguvugu mkononi, shemeji. Nilipoitikisa, mafuta yamekaa juu, maji chini. Ile dawa ikiwa nzima inakuwa kama maziwa." Akakung'uta bomba. "Niliona kabla sijamshika kuku wa kwanza."

Luan akamweleza bila kumtazama. Wageni walikuwa wameshafika, mawifi wa Thoa wote jikoni, Khoat ameshaanza kumimina pombe ya mchele. Angelisema pale, kaka angemfokea Thoa mbele ya ukoo mzima, siku ya baba. Akajiambia nusu ya dawa itakuwa hai. Akajiambia atarudi baada ya Tet achome tena kimyakimya. Hakujua kwamba mwaka huu maabara wangekuja kupima damu.

"Kwa nini husemi?" Thoa akauliza. "Wanakuita mwizi."

"Wizi wataushindwa. Hakuna niliyemuuzia, hakuna shahidi. Watanipigia kelele, watachoka." Hapo ndipo alipomtazama. "Lakini bwana mifugo aliyeiona dawa imeharibika akaichoma, huyo hana pa kujitetea. Ukiongea, shemeji, unanisafisha jina na kunifukuza kazi kwa mpigo mmoja. Nyamaza. Kwa ajili yangu, nyamaza."

Thoa akarudi nyumbani akiwa amepumua. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba njiani alitembea mwepesi, akanunua hata kitunguu. Alikwenda kutua mzigo, na mwenye haki ya kuudai akamwambia aendelee kuubeba kwa kuwa unamfaa. Alijiambia kwamba anamsitiri Luan. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia rahisi mno.

*

Siku ya kuwasafirisha miungu wa jiko ilifika. Thoa alipanga jikoni kofia za karatasi na samaki wadogo wekundu watatu katika beseni, hao ambao miungu huwapanda kwenda mbinguni kutoa taarifa ya mwaka mzima wa nyumba hiyo. Kila mwaka Bi Nhu huwatania, huwaambia wasiseme kwamba mkaza mwana wake anaunguza wali. Mwaka huu hakutania. Aliwasha udi akasimama muda mrefu, na Thoa, nyuma yake, alijikuta anatazama friji.

Ngan aliingia kwa mlango wa uani, bila beseni la tofu. Alimwamkia mama mkwe, akamwambia kwamba amekuja kuaga. Tet hii anakwenda kwa wazazi wake, ng'ambo ya mto, na huenda akakaa huko.

"Na mumeo?" Bi Nhu akauliza.

Ngan akakaa kwenye kigoda. Alikuwa mwanamke wa mdomo mwepesi, mtu wa kucheka na kujibu, na siku hiyo alitafuta maneno kama anayetafuta sindano sakafuni. "Mama, nataka unijibu wewe, maana wewe ndiye uliyemzaa. Aliuza ile dawa? Usiku halali. Nikimuuliza ananiambia nisiulize. Mtu asiye na kosa anamwambia mkewe asiulize?"

"Mwanangu si mwizi," Bi Nhu akasema, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mimi nimeanza kuamini, mama. Ndiyo sababu naondoka. Nikiendelea kukaa nitamwambia usoni kwamba ni mwizi."

Akalia, si kwa kelele, akijifuta kwa kiganja. Thoa alikuwa ameshika kofia ya karatasi ya mungu wa jiko, na alipoitazama aliona ameikunja mpaka imekuwa donge. Kelele za kijiji alikuwa amezivumilia. Luan naye alizihesabu, akaona zitapita. Lakini hili Luan hakulihesabu, kwamba hata kitandani mwake, kwa mkewe, analala kama mwizi. Kazi utapata nyingine. Thoa alitaka kusema hapo hapo, mbele ya wanawake wale wawili, lakini akajizuia, kwa sababu alijua kwamba likisemwa jikoni litabaki jikoni.

"Kikao ni kesho," akasema. "Usiondoke leo, Ngan. Njoo kesho kwenye kikao. Nakuomba kama dada yako."

*

Ofisi ya kata ilikuwa imepambwa tayari kwa mwaka mpya, mchungwa mdogo kwenye chungu mlangoni na utepe mwekundu. Mwenyekiti alitaka jambo liishe upesi, maana hakuna anayependa kuvuka mwaka na kesi. Daktari Quyen alieleza vipimo vyake tena. Khoat alieleza yake. Luan aliulizwa, akajibu kama alivyojibu kwa kaka yake, kwamba alichoma dawa iliyokuwepo na hakuuza kitu. Kulikuwa na minong'ono na mtu mmoja nyuma akasema maji, maji, na watu wakacheka.

Thoa akasimama. Hakuwahi kusimama katika kikao chochote, na Khoat aligeuka akadhani mkewe anataka kutoka nje.

"Niliigandisha mimi," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Ile dawa ililala kwenye friza kwangu, juu ya nyama. Asubuhi nikaiyeyusha kwa maji ya moto, nikampa shemeji, sikumwambia kitu. Hakuiba. Aliyeharibu ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Thoa hakumtazama mumewe. Alimtafuta Ngan, akamwona amesimama karibu na mlango, mkono mdomoni. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba jambo limekwisha, na mwenyekiti alishaanza hata kukunja miwani yake. Ni daktari aliyeinua mkono. Hakuonekana kufurahia swali alilokuwa nalo.

"Dawa ya mafuta ikiganda hujitenga. Inaonekana kwa macho," akasema. "Bwana Luan, ulipoitikisa chupa, hukuona?"

Luan alikuwa na mlango wa kutokea hapo, na yeye, Thoa na daktari walijua. Angesema alikuwa na haraka, wageni walikuwa wengi, hakuangalia vizuri. Angekaripiwa, angepunguziwa marupurupu, basi. Thoa alimtazama akimwomba kwa macho aseme hivyo. Luan akamtazama mkewe mlangoni.

"Niliona," akasema.

"Ukachoma?"

"Nikachoma. Ilikuwa siku ya kumkumbuka baba. Sikutaka shemeji aaibishwe mbele ya wageni. Nilijua si sawa."

Yaliyofuata yalikuwa mafupi na ya heshima. Mwenyekiti alisema kwamba tuhuma ya wizi imefutwa na isitamkwe tena na mtu yeyote. Kisha akasema kwamba kata haiwezi kumwachia sindano mtu aliyechoma dawa anayojua imekufa, wakati mabata wanakufa ng'ambo ya mto. Akamwomba sanduku. Luan alilipeleka mwenyewe mezani, akaliweka chini taratibu kama linavyowekwa lenye chupa, ingawa halikuwa na kitu.

*

Nyumbani Khoat alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua friza, akatazama ndani kana kwamba chupa bado zimo, akaifunga.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungenifokea."

Khoat akafikiri. "Ningekufokea," akakubali. "Ningekufokea sana." Akakaa kwenye kigoda alichokalia Ngan jana yake, mtu mzima, magoti juu. "Nilikunywa chai mbele yake, Thoa. Amesimama. Nikanywa."

Kuku walichanjwa upya na kijana mgeni kutoka kata nyingine, aliyewaita kwa namba. Hawakuuzwa. Walibaki uani na miguu yao minene, wakila mahindi ya bure, na Tet ikakaribia nyumba ikiwa na kila kitu isipokuwa furaha.

Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti siku ya mwaka mpya ndiye anayebeba bahati ya nyumba mwaka mzima, na pale kijijini watu humchagua kwa uangalifu kuliko wanavyochagua mkwe. Hutafutwa mwenye biashara inayokwenda, mwenye watoto wengi, mwenye cheo. Mwenye msiba au aliyeachishwa kazi, mwenyewe hujua kukaa kwake hadi mchana. Khoat alikuwa amezoea kumwalika mwenyekiti. Siku ya mwisho ya mwaka alivaa koti, akaenda kwa mdogo wake kwa miguu, na Thoa akamfuata nyuma bila kuitwa.

Luan na Ngan walikuwa wanafunga mikate ya mchele kwa majani. Khoat alisimama mlangoni. Ngan akamletea kiti, hakukaa. Akamiminiwa chai, akaishika bila kuinywa.

"Kesho uje uingie wa kwanza kwangu," akasema.

Luan akafunga kamba ya mkate aliokuwa nao, akaikata mwisho. "Kaka, mimi sina kazi. Nitakuletea mkosi."

"Mkosi nilishajiletea mwenyewe."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Nilisema mimi, nani atanizidi?" Khoat alitaka kuendelea, na neno alilotaka kulisema ni neno ambalo kaka hamwambii mdogo wake pale kwao, na hakuwahi kulifundishwa. Akabaki ameshika kikombe, chai inapoa. Luan alimwangalia mpaka akaona inatosha.

"Kunywa chai, kaka," akasema.

Asubuhi ya mwaka mpya wote walivaa, wakangoja. Mlango uliachwa wazi na majirani walikuwa wakipita na nguo zao mpya, wanachungulia kuona nani ameitwa kwa Khoat mwaka huu. Luan alikuja na suti ya harusi yake, Ngan nyuma yake. Mzee Sac, aliyekuwa getini kwake, alimwona akielekea kule, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akamwinamia.

Kizingitini Luan akasita. Anayeingia wa kwanza hutakiwa kutamka heri, kwa sauti, ili nyumba isikie: mali iingie kama maji ya mto, kuku wazaane, banda lijae. Aliangalia meza ya baba yake iliyojaa matunda na udi ambao haujawashwa bado, maana Khoat alikuwa amemwachia yeye. Aliangalia uani, kuku waliochanjwa na mtu mwingine. Akamwangalia Thoa, na Thoa akainamisha kichwa. Kila neno la heri alilolijua lilikuwa na kuku au mali ndani yake, na hakuna aliloweza kulitamka kwa kinywa chake.

Akainua mguu, akaingia.

"Nimeingia, mama," akasema.

Bi Nhu, kwenye kiti chake, akamnyoshea kiberiti.

"Inatosha," akasema. "Washa udi wa baba yako."